Fedha ya trekta si faida yote

Skimu ya umwagiliaji ya Ndungu, wilayani Same, ilijengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1990. Ina hekta 680 za mpunga chini ya milima ya Upare, na hutegemea maji ya mto Yongoma. Katika kilimo cha namna hii maji hugawanywa kwa zamu. Mkulima ambaye zamu imemkuta jaruba lake halijavurugwa kwa kuwa pawatila imekufa njiani hupoteza maji, huku miche ikikomaa kitaluni. Hasara hiyo haiandikwi kwenye risiti ya fundi, ingawa mara nyingi inazidi bei ya spea.

Wamiliki wengi wa matrekta hutoa fedha ya dizeli na ya dereva, kisha kinachobaki wanakiita faida. Hapo ndipo wanapojidanganya, maana sehemu ya fedha hiyo ni ya mashine. Tuseme mtu anatenga shilingi 5,000 kwa kila ekari anayolima. Akifikisha ekari 300 atakuwa na shilingi 1,500,000 za oili, filta na beringi, bila kumkopa mtu katikati ya msimu.

Daftari la saa za kazi nalo ni la lazima. Oili hubadilishwa kwa saa zilizoandikwa katika kitabu cha mashine, si kwa kukisia rangi. Kwenye tope la mpunga sili huchakaa haraka. Oili ya gia ikionekana nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia, na mashine isimamishwe siku hiyo hiyo. Dereva anayelipwa kwa ekari hatapenda kusimama. Basi alipwe kidogo pia kwa kupaka grisi na kusafisha filta ya hewa kila asubuhi.

Vikundi vina tatizo lao. Pawatila zilihimizwa sana wakati wa Kilimo Kwanza, kaulimbiu ya mwaka 2009. Kikundi chenye mashine tatu za aina tatu hakiwezi kuazimishana hata mkanda. Afadhali mbili za aina moja. Na kabla ya kulipa, muuzaji aulizwe kama spea zinapatikana Same au Moshi. Akijibu kwamba ataagiza, waangalie mashine nyingine.