Mfano Usiotajwa Kikomo Chake

Wapo wakufunzi wanaoshikilia kwamba milinganisho haifai katika somo la Sayansi, kwa kuwa humpa mtoto picha ya kitu kingine badala ya kitu chenyewe. Hatukubaliani nao, ingawa hofu yao ina msingi. Mara nyingi umeme hulinganishwa na maji yapitayo katika bomba. Mwanafunzi akiachwa hapo, atangoja umeme umwagike sakafuni waya unapokatika.

Wanafizikia wenyewe hawaudharau mfano. Mwaka 1981 William Unruh wa Kanada alionyesha kwamba sauti isafiriyo ndani ya kimiminika kinachotiririka hufuata hesabu zenye umbo lile lile la mwanga upitao karibu na tundu jeusi, yaani mahali ambapo nguvu ya mvutano ni kubwa hata mwanga hauwezi kutoka. Mwanachuo aliyelelewa karibu na Mto Kagera ataelewa upesi. Samaki aliye mbali na maporomoko ya Rusumo huweza kupanda mto. Akifika mahali ambapo maji yana kasi kumpita, huteremshwa hata aogelee kwa nguvu zake zote. Tuweke sauti mahali pa samaki, na huo ndio ukingo wa tundu.

Maji ya kawaida yana mnato na msukosuko, hivyo watafiti hupendelea vitu vinavyotiririka bila mnato, kama heliamu iliyopozwa hadi karibu nyuzi 271 za Selsiasi chini ya sifuri. Tabia yake hiyo ilitangazwa mwaka 1938. Jeff Steinhauer alitumia atomi baridi za rubidi, na mwaka 2016 akatangaza kuona mnururisho wa sauti unaofanana na ule ambao Stephen Hawking aliubashiri mwaka 1974 kwa matundu meusi.

Hata hivyo mlinganisho huu una mwisho. Mtiririko hutawaliwa na kanuni za vimiminika, si kanuni ya Einstein ya mwaka 1915. Unatuonyesha jinsi mawimbi yanavyosafiri. Hautuambii kwa nini jua huivuta dunia.

Basi katika andalio la somo tuandike, kando ya kila mfano, mahali unapokomea. Afadhali zaidi, tuwaulize watoto wenyewe. Darasa la tano pale Igurwa, wachotao maji kila siku, waulizwe umeme na maji vinatofautiana wapi. Swali hilo litakula dakika kumi za kipindi, na mkaguzi akinung'unika, aombwe akae asikilize majibu.