Ute si Uchafu

Wewe unayejifunza Kiswahili hapa Uganda, bila shaka umefundishwa majina ya viungo vya mwili: kichwa, bega, goti, kisigino. Huenda mwalimu wako alifika kiunoni, akaruka, akaendelea na mapaja. Nami niliruka hivyo kwa miaka mingi. Leo nataka turudi pale, kwa kuwa pana neno moja ambalo Kiswahili cha kila siku kimelikosea, na kosa hilo huwagharimu wanawake afya yao.

Ukisikiliza mazungumzo ya afya au ukisoma matangazo ya waganga, utakutana na maneno "kutokwa na uchafu ukeni". Yachunguze. Uchafu ni nomino iliyotokana na kivumishi -chafu. Ni kitu cha kufagiliwa, kuoshwa na kutupwa. Mpe msichana wa miaka 15 neno hilo peke yake kwa jambo ambalo mwili wake wenye afya hulifanya siku zote, kisha ujiulize atafanya nini. Atachukua sabuni.

Hapo ndipo taabu huanzia. Ndani ya uke huishi bakteria wenye manufaa wanaotengeneza asidi ya laktiki, na asidi hiyo huwazuia wadudu wengi wa maradhi kustawi. Anayejiosha kwa ndani, iwe kwa sabuni, ndimu au manukato, huwaondoa walinzi wake mwenyewe. Uke hujisafisha, sehemu za nje zatosheka na maji safi.

Neno linalofaa lipo, nalo ni ute. Umelikuta jikoni: yai lina kiini na ute. Lugha imetuwekea mfano kamili, kwani mwanamke anapokaribia siku ambayo yai huachiliwa, ute wa ukeni huwa mwangavu, wa kuteleza na kuvutika, sawasawa na ute wa yai bichi. Siku zifuatazo huwa mzito na mweupe. Wakati wa ujauzito huongezeka, na ukikaukia kwenye nguo ya ndani huweza kuacha alama ya manjano hafifu. Hakuna ugonjwa hapo.

Wako walimu wenzangu watakaosema kwamba Kiswahili ni lugha ya staha, na kwamba tafsida ni pambo lake. Nakubali. Nami husema "haja ndogo" mbele ya wakwe. Lakini tafsida hupunguza ukali wa jambo, ilhali neno "uchafu" huuongeza. Basi lisipewe heshima ya tafsida. Wala wazee wetu hawakunyamaza: pwani kungwi alimfunda mwari, na huku Buganda kazi hiyo ni ya ssenga.

Madhara mengine ni kwamba ukiita kila kitu uchafu, hutaweza kutambua ni lini mambo yamebadilika. Ute uliogandamana kama maziwa ya mgando, pamoja na mwasho mkali, mara nyingi ni fangasi. Ute mwepesi wa kijivu wenye shombo (jifunze neno hili, wewe wa bara, ni harufu ya samaki) kwa kawaida hutokana na bakteria kukosa uwiano. Ute wa manjano au kijani, wenye povu, waweza kuwa wa trikomona, maradhi ya zinaa ambayo humtaka mwenzi naye atibiwe. Hata hivyo, macho na pua havitoshi. Dalili hizi huingiliana, na kipimo ndicho huamua. Anayenunua antibiotiki dukani kwa kubahatisha, kumbe ana fangasi, huweza kuwazidisha. Kisonono na klamidia nazo mara nyingi hazimwoneshi mwanamke dalili yoyote.

Basi nenda kwa daktari ute unapobadilika rangi, harufu au wingi bila sababu unayoijua, unapowashwa, au unaposikia moto wakati wa kukojoa. Nenda siku hiyo hiyo ukiwa na homa na maumivu chini ya kitovu, au ukiwa mjamzito ukatokwa na maji mengi au damu. Damu baada ya kujamiiana, katikati ya hedhi na hedhi, au baada ya kukoma hedhi isingojewe, maana yaweza kuwa dalili ya saratani ya mlango wa kizazi, mojawapo ya saratani zinazowaua wanawake wengi zaidi Afrika Mashariki. Na mtoto mdogo anayetokwa na ute wenye damu au harufu apelekwe hospitali bila kukaripiwa. Huenda amejiingizia kitu, na huenda ametendewa uovu.

Utakapofika mbele ya muuguzi, usiseme "nina uchafu". Sema: "Tangu Jumatatu natokwa na ute wa manjano wenye harufu, na ninawashwa." Atakuuliza hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini, kama una mimba, kama umejamiiana karibuni, na ni dawa gani umetumia. Maswali hayo si ya kukuaibisha. Kila moja humwelekeza kwenye kipimo na dawa. Nakuomba uyafanyie mazoezi majibu yake darasani, wavulana nanyi mkiwemo, kama tunavyofanya mazoezi ya kuuliza bei sokoni.