Mhudumu wa jamii hafai kuondoka na mradi

Katika mijadala yetu kuhusu elimu, ambayo haikomi wala haipungui ukali, tumezoea kuwataja watu watatu: mwalimu, mzazi na mwanafunzi. Serikali huongezwa kama wa nne, aghalabu kwa kulaumiwa. Yupo wa tano ambaye hatumtaji kabisa, ingawa katika mitaa kama vile Mukuru, Korogocho na Kibera, na katika vijiji vingi vya Nyanza, Magharibi na Pwani, ndiye anayejua ni kwa nini kiti fulani darasani kimekaa kitupu tangu Jumatatu. Huyu ni mfanyakazi wa shirika lisilo la kiserikali, yule anayebeba daftari na mwavuli, akabisha hodi nyumba hadi nyumba, na akauliza habari za mtoto kabla ya kuuliza habari za karo.

Ninaandika kumhusu kwa sababu mwaka wa 2025 wengi wa watu hawa walipoteza kazi ghafla, nasi walimu na wasomi tukanyamaza kana kwamba hasara ilikuwa yao peke yao. Mnamo Januari 20, 2025, Rais wa Marekani, Donald Trump, alitia sahihi amri ya kusitisha misaada ya maendeleo ya nchi yake ng'ambo kwa siku 90. Kufikia Machi serikali yake ilikuwa imetangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa, na ilipofika Julai 1 shirika lenyewe likakoma kuendesha misaada hiyo. Vilio vingi vilielekezwa, na kwa haki, kwenye dawa za kupunguza makali ya Ukimwi. Nadra mtu kuitaja ile miradi ya mayatima na watoto walio katika hali ngumu, iliyofadhiliwa chini ya mpango wa PEPFAR ulioanzishwa 2003. Miradi hiyo iliwalipia wanafunzi karo na kuwanunulia sare. La maana zaidi ni kwamba iliwaweka watu wa kuwafuatilia.

Hebu tuutazame utaratibu wa kazi yenyewe, maana wengi wetu hudhani ni kazi ya kugawa unga na kupiga picha. Mhudumu hupewa idadi fulani ya jamaa wa kuwaangalia. Huwaendea nyumbani, akaketi, akajua ni nani anayeishi humo, ni nani anayepika, ni nani mgonjwa, na mtoto hulala wapi. Kisha hupatana na wenye nyumba juu ya mambo machache yanayowezekana: cheti cha kuzaliwa kitafutwe, nyanya aingizwe katika chama cha kuweka akiba, mama arudi kliniki, kijana ahamishiwe shule iliyo karibu. Baadaye hufika shuleni, akaomba kuiona sajili ya mahudhurio, akalinganisha alichoambiwa nyumbani na kilichoandikwa na mwalimu. Mwezi unaofuata huanza upya. Ni kazi ya kuchosha, isiyo na ufunguzi rasmi wala utepe wa kukatwa, na matunda yake ni kwamba jambo baya ambalo lingetokea halikutokea. Nani atalipigia picha jambo ambalo halikutokea?

Chukua mfano wa kijana aliyezaliwa na virusi vya Ukimwi, ambaye sasa yumo katika shule ya bweni. Dawa zake anapaswa kuzimeza kila siku, lakini bwenini hakuna siri. Sanduku hufunguliwa, mikebe ya dawa hutikisika, wenzake huuliza. Vijana wengi wa aina hii huacha dawa kimyakimya, si kwa ukaidi bali kwa haya. Mhudumu aliyemjua kijana huyo tangu akiwa mdogo ndiye aliyezungumza na muuguzi wa shule ili dawa zihifadhiwe katika chumba chake, na kijana apite pale kila jioni kama aliyetumwa. Mwalimu wa darasa hakuambiwa, wala hakuhitaji kuambiwa. Siku barua ya kusimamishwa kazi ilipomfikia mhudumu huyo, mpango wote ulibaki mikononi mwa muuguzi mmoja, ambaye huenda akahamishwa muhula ujao. Msaada wa aina hii hauhifadhiwi ghalani wala benki. Umo ndani ya mtu, na mtu akiondoka huondoka nao.

Najua watakaosema kwamba kazi hii ni ya mwalimu wa ushauri nasaha. Waseme hivyo mbele ya mwalimu mwenyewe. Mwalimu huyo ana ratiba ya vipindi kama wenzake, ana madaftari ya kusahihisha, na katika shule nyingi za umma anakabiliana na madarasa ya wanafunzi 60 au zaidi. Atoke lini aende kutafuta nyumba isiyo na namba katika mtaa usio na barabara? Wengine watasema ni kazi ya chifu. Kweli, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamlazimu mzazi kumpeleka mtoto shuleni, na serikali ilipoanza kusisitiza kwamba kila aliyemaliza msingi aendelee na sekondari, machifu walitumwa vijijini kuwasaka waliobaki nyumbani. Simdharau chifu. Lakini chifu anapokuja, mzazi asiye na kitu hujificha. Anajua kinachomjia ni amri. Mhudumu hana mamlaka yoyote, na huko kutokuwa na mamlaka ndiko kunakomfungulia mlango.

Elimu ya bure ya msingi iliyoanza 2003, na ile ya sekondari za kutwa iliyofuata 2008, ziliondoa kizuizi kikubwa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, ikaifanya elimu ya msingi kuwa haki ya kila mtoto, ya bure na ya lazima. Hayo yote ni mema. Hata hivyo, haki iliyoandikwa haimwamshi mtoto asubuhi, haimpi chakula cha mchana, wala haimwuguzi mamake ili yeye apate nafasi ya kwenda darasani. Baina ya haki na kiti cha darasa pana mwendo mrefu, na mara nyingi anayemshika mtoto mkono katika mwendo huo analipwa na shirika la hisani.

Historia yetu wenyewe inatufundisha kuhusu watu wa namna hii. Kituo cha Wavulana cha Starehe kilianza 1959 katika vibanda viwili vya mabati, wakati mji wa Nairobi ulikuwa umejaa watoto waliopokonywa wazazi na misukosuko ya miaka ya vita vya ukombozi. Waliokianzisha, Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, hawakuja kutekeleza mradi wa miaka mitatu. Griffin alibaki pale hadi alipofariki 2005, yaani miaka 46. Fedha zilitoka kwa wahisani wengi na wa aina aina, lakini mtoto aliyerudi na shida yake alimkuta mtu yule yule. Vivyo hivyo Shirika la Undugu, lililoanzishwa 1973 na Padri Arnold Grol kwa ajili ya watoto wa mitaani, lilijengwa juu ya watu waliokwenda walikokuwa watoto, usiku na mchana, hadi wakajulikana kwa majina.

Linganisha na mtindo wa siku hizi. Mradi huandikwa kwa miaka mitatu au mitano. Mwaka wa kwanza huisha katika kuajiri, kununua magari na kufanya warsha, na baadhi ya warsha hizo hufanyiwa katika hoteli za Naivasha kana kwamba umaskini wa Mathare huonekana vizuri zaidi ukiwa kando ya ziwa. Mwaka wa mwisho huisha katika kuandika ripoti na kutafuta kazi nyingine. Baina ya hiyo miwili ndipo kazi hufanyika. Mtoto aliyeingizwa akiwa katika Gredi ya 4 huachwa kabla hajafika sekondari, kwa sababu kalenda ya mfadhili haikupimwa kwa umri wa mtoto.

Hapa sina budi kuyasema mashirika yenyewe. Yako mengi yanayohubiri haki za watoto ilhali yanawanyima haki watu wanaoyafanyia kazi. Mtindo ulioenea ni kumwita mhudumu "mtu wa kujitolea". Anajitolea mwaka wa kwanza, wa pili, hata wa tano. Anapewa posho ya nauli na simu. Anatakiwa kuandika ripoti kila wiki, na akikosa anagombezwa kama mwajiriwa. Sheria ya Uajiri ya 2007 inasema kwamba anayeachishwa kazi kwa sababu nafasi yake haihitajiki tena apewe ilani isiyopungua mwezi mmoja, na alipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Lakini kinga hiyo ni ya mwajiriwa. Aliyeitwa mtu wa kujitolea huambiwa asante, na pengine hupewa cheti. Jina hilo limegeuzwa kuwa njia ya kukwepa deni.

Wafadhili nao wana lao. Wanapenda madawati, vyoo, matangi ya maji na vyumba vya madarasa, vitu vinavyoweza kubandikwa bamba lenye jina. Mishahara huwekwa katika fungu la gharama za usimamizi, na fungu hilo husifiwa kwa kuwa dogo. Hesabu hiyo yaweza kufaa kwa mjenzi wa vyoo. Kwa shirika linalowahudumia wanafunzi na jamaa zao, mshahara wa anayebisha hodi ndio huduma yenyewe. Kuupunguza na kujigamba kwamba fedha zimewafikia walengwa ni sawa na kuifunga zahanati kwa kumwondoa daktari, ukajisifu kwamba dawa zote zimesalia kabatini.

Je, serikali haiwezi? Mbona katika afya imejaribu? Mnamo Septemba 2023 ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii, wapatao 100,000, ambao hapo awali wengi wao walikuwa watu wa kujitolea wakitegemea miradi ya mashirika. Wakapewa mikoba yenye vifaa, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka kwa Serikali Kuu na nusu kutoka kwa kaunti. Posho hiyo ni ndogo, na katika baadhi ya kaunti wahusika wamelalamika kwamba inachelewa. Hata hivyo msimamo umewekwa: kwamba mtu anayezunguka nyumbani kwa ajili ya afya ya umma analipwa na umma. Sioni sababu ya kutofanya hivyo kwa ajili ya masomo. Angalau mhudumu mmoja katika kila wadi, aliyeajiriwa kwa barua, anayefanya kazi pamoja na afisa wa watoto na walimu wakuu wa eneo lake, angegharimu kidogo kuliko mengi tunayoyaita maendeleo. Mashirika yabaki na kazi ya kumfunza, kumsimamia na kuongeza pale bajeti inapopungua.

Chombo cha kisheria tayari kipo. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa 2013 na kukaa kabatini zaidi ya miaka kumi, ilianza kutumika Mei 14, 2024, ikachukua nafasi ya ile ya 1990. Mamlaka iliyoundwa chini yake ingeweza kulidai kila shirika linalowahudumia watoto lionyeshe, kabla ya kuanza, litawaacha kwa nani likiondoka. Majalada ya watoto hao ni jambo zito. Yana habari za ugonjwa, za dhuluma, za baba aliye gerezani. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka habari za mtoto zishughulikiwe kwa idhini ya mzazi au mlezi na kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto. Basi ofisi inapofungwa kwa siku tatu na kompyuta kurudishwa kwa mwenyewe, majalada hayo yamekwenda wapi? Ni swali ambalo kila mwalimu mkuu aliyewahi kulikaribisha shirika shuleni mwake anastahili kuuliza, na kulijibiwa kwa maandishi.

Kwenu wanafunzi wa vyuo vikuu mnaosomea kazi za ustawi wa jamii, nina neno moja. Wengi wenu hupelekwa kwa mashirika haya kwa mafunzo ya kazini, miezi mitatu bila malipo, na baadhi yenu hurudi kukusanya habari za tasnifu. Jamaa mnazozihoji zimehojiwa mara nyingi. Ombeni kuandamana na mhudumu wa mtaa anapofanya ziara zake za kawaida, tena kwa wiki kadhaa, mtajifunza mengi kuliko katika hojaji. Na mtakapopata shahada, msiwe wa kwanza kumtengea yeye posho ya nauli na kujitengea gari.

Walimu wenzangu mnaweza kuanza muhula huu bila kungoja Bunge. Wengi wa wahudumu walioachishwa kazi wangali wanaishi katika mitaa ile ile, na nambari zao mnazo. Halmashauri ya shule yaweza kuwaita, kuwasikiliza, na kuwaomba, kwa ridhaa ya wazazi, wawaelekeze kwa watoto waliokuwa chini yao. Chama cha wazazi kikiweza kuwapa kitu, kiwape. Wao wenyewe hawajaacha kabisa; mama akimwona mhudumu sokoni bado humsimamisha, akamwuliza habari za sare na za karo, naye, ingawa hana la kumpa, huweka kikapu chini na kumsikiliza.