Wavuvi wa Wagenia

Wengi huijua Simi-Simi kwa kiwanja chake cha ndege, waliposhuka askari wa miavuli wa Kibelgiji tarehe 24 Novemba 1964. Lakini mwenye kufuata Mto Kongo kuelekea juu, akiupita mji wa Kisangani, hufika mahali penye sifa ya zamani zaidi, nako ni kijiji cha Wagenia.

Hapo yapo ya mwisho kati ya maporomoko saba ya Boyoma, yanayoanzia upande wa Ubundu. Stanley, mwaka 1877, alilazimika kuyakwepa kwa nchi kavu. Baadaye ikajengwa reli mpaka Ubundu, ikamalizika mwaka 1906, kwa sababu ile ile. Yaliyokuwa kizuizi kwa wageni, kwa Wagenia yalikuwa shamba. Husimika magogo katika mashimo yaliyochimbwa na maji mwambani, wakayafunga kwa kamba za porini, wakatundika migono mikubwa. Mkondo wenyewe huwaingiza samaki wakubwa. Wadogo hupenya, wakaendelea kukua.

Watalii hulipa ili kutazama kazi hiyo. Malipo si mabaya. Lakini kijana akizoea kupigwa picha kabla hajajua kufunga gogo, kesho hapatakuwa na kitu cha kutazamwa, wala kitoweo chunguni.

Basi, mzazi uendaye huko na wanao, usiwaonyeshe tu. Waache wawaulize wazee namna ya kufunga kila fundo. Samaki mkunje angali mbichi.