MKONO WA DIRISHA UKIVUNJIKA, DIRISHA HALIJAFA

Ndugu wana-Chama,

Leo twaandika juu ya madirisha ya nyumba tunazolala. Asidhani mtu ya kuwa ni jambo dogo. Mkisoma mpaka mwisho mtaona ya kuwa ni habari ya mshahara vile vile.

Wengi wetu tumepewa nyumba zenye madirisha ya plastiki ngumu nyeupe, ile iitwayo uPVC. Tulifurahi, kwa maana plastiki haioti kutu wala hailiwi na mchwa. Lakini plastiki siyo ifungayo dirisha. Kifungacho ni vyuma: mkono, kitasa chake, giaboksi ndogo iliyofichwa ndani, na ufito mrefu wenye vichwa vinavyoshika fremu. Vyuma hivyo huchakaa. Mtu afunguaye asubuhi na kufunga jioni huuzungusha mkono ule mara 730 kwa mwaka mmoja. Ni chuma gani kisichochoka?

Sasa mkono ukilegea twaambiwa nini? Twaambiwa, "Dirisha limekufa, litolewe lote." Kisha bei ya dirisha zima yakatwa katika mshahara wa mwenzetu, kwa madai kwamba yeye ndiye mharibifu. Asiyekubali kukatwa huachwa afunge kwa kamba, au apigilie msumari.

Sisi twasema hiyo ni dhuluma. Sisi ni watu wa reli. Kipande cha breki kikiisha, je, behewa zima hutupwa? Hutolewa kile kipande, hutiwa kingine, na behewa hurudi kazini siku ile ile. Ikiwa busara hiyo yatosha kwa behewa la tani nyingi, yakosaje kutosha kwa dirisha la chumba cha kulala?

Kila mwana-Chama na ajue haya, asidanganywe:

1. Mkono hushikwa na skrubu mbili tu, ambazo mara nyingi zimefichwa chini ya kifuniko kidogo. Nyuma yake una kijiti cha pembe nne, ambacho kwa kawaida ni cha milimita 7. Pima urefu wa kijiti na nafasi baina ya skrubu, ukatafute mkono wa kipimo hicho. Mwenye bisibisi aufunga kwa dakika chache.

2. Ukitoa mkono, dirisha likiwa wazi, tia kijiti au bisibisi katika tundu na uzungushe. Ufito ukienda vizuri, ubovu ni wa mkono. Kijiti kikizunguka bure na ufito usiende, ubovu ni wa giaboksi. Hiyo nayo hubadilishwa bila kuvunja fremu.

3. Mkono ukiwa mwepesi dirisha likiwa wazi, lakini mgumu likifungwa, basi dirisha limeshuka kwenye bawaba au limetanuka kwa joto la jua. Usilitumie nguvu. Fundi alisawazishe, vyuma vitiwe oili nyepesi. Wengi huvunja mkono kwa sababu hakuna aliyekuja kusawazisha.

Wakubwa wa nyumba hutujibu ya kuwa watoto wetu huning'inia kwenye madirisha. Pengine wako wanaofanya hivyo. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Kuchakaa si makusudi. Na kiasi cha haki kwa mkono uliovunjika ni bei ya mkono, siyo bei ya dirisha. Tena kifungu cha 31 cha Sheria hiyo chamtaka mwajiri atoe nyumba ya kufaa, au fedha za kutosha za kodi. Nyumba isiyofungika usiku ni ya kufaa kwa nani? Kwa mwizi!

Na nyumba isiyofunguka ni mbaya zaidi. Kifua kikuu huenea upesi katika chumba kisicho na hewa, nasi twalala wengi katika chumba kimoja. Moto ukishika mlangoni, dirisha lililopigiliwa msumari, au lililofungwa kwa ufunguo uliopotea, ni kaburi. Mtu wa zamu ya usiku aachaye mke na watoto nyuma ya dirisha la namna hiyo, moyo wake hautulii kazini.

Wazee wetu wa Mombasa waligoma mwaka 1939, na tena mwaka 1947, na taabu ya nyumba ilikuwa mojawapo ya mambo waliyoyalalamikia. Hawakuomba majumba ya fahari. Walidai mahali pa kukaa kama watu. Nasi leo twadai haya manne:

Mosi, stoo ya nyumba iwe na mikono, giaboksi na funguo za akiba.
Pili, fundi aje kukagua kabla neno "limekufa" halijaandikwa.
Tatu, makato kwa vyuma vilivyochakaa yakome, na waliokatwa warudishiwe.
Nne, kila mkono wenye kitasa uwe na ufunguo, na ufunguo ukae ndani ya chumba.

Nasi tuna wajibu wetu. Usipige msumari kimya kimya, kwa maana msumari huficha ubovu na kumpumzisha mkubwa. Andika malalamiko, weka nakala, mpe mjumbe wa Chama wa nyumba zenu. Barua moja hutupwa kapuni. Barua za mtaa mzima haziingii kapuni.

Umoja ni nguvu.