Picha za kale zafichua asili ya yoga

Msomaji, ukitaja yoga mjini siku hizi, wengi humwaza kijana aliyevaa nguo za mazoezi, amejikunja juu ya mkeka. Nao wazazi huuliza: je, hii ni ibada ama ni kunyoosha viungo tu? Hebu tutafute jibu katika michongo na picha za Wahindi wenyewe.

Aghalabu hadithi hii huanzia Mohenjo-daro, mji wa kale ulio katika Pakistan ya leo. Wachimbuzi walipata huko, katika msimu wa 1928-29, muhuri wa jiwe usiozidi sentimita 4, wenye umri wa miaka zaidi ya 4,000. Umechongwa mtu mwenye pembe, ameketi visigino vikiwa vimekutana, na wanyama wamemzunguka. Mwaka wa 1931, mwanaakiolojia Mwingereza John Marshall alisema huyo ni Shiva wa awali, bwana wa yoga. Wengi waliafiki. Hata hivyo, maandishi ya mji huo hayajasomeka hadi leo, na wataalamu wengine wanashikilia kuwa kuketi hivyo pekee si ushahidi wa yoga.

Twende basi Mahabalipuram, kusini mwa India. Katika karne ya 7, mafundi wa wafalme wa Pallava walichonga mwamba wenye upana wa karibu mita 30. Hapo yumo mtawa aliyekonda hadi mbavu zaonekana, amesimama kwa mguu mmoja, mikono juu. Huyu hatafuti umbo la kupendeza. Ameutesa mwili ili aikaribie miungu.

Lakini tazama chini kidogo! Yuko paka naye, amesimama kwa miguu ya nyuma, ameinua mikono kama mtawa, na panya wako karibu naye. Wahindi wana kisa cha kale cha paka aliyejifanya mcha Mungu hadi panya wakamwamini, naye akawala mmoja mmoja. Naam, kikulacho ki nguoni mwako. Hata enzi hizo, watu walijua kwamba mkao wa mtawa si utawa.

Picha za kushangaza zaidi zimo katika kitabu cha Kiajemi, Bahr al-Hayat, yaani Bahari ya Uhai, kilichoandikwa katika karne ya 16 na sheikh wa Kisufi, Muhammad Ghawth. Kati ya 1600 na 1604, Mwanamfalme Salim, aliyekuja kuwa Mfalme Jahangir, alitengenezewa nakala yenye picha 21 za mikao ya yoga. Nakala hiyo sasa imo katika maktaba ya Chester Beatty, Dublin. Waislamu hao hawakubadili dini. Walitaka kujua jinsi pumzi na mwili vinavyoweza kutiwa nidhamu.

Katika karne ya 20, kamera nayo ilitumika. Mwaka wa 1966, B.K.S. Iyengar alichapisha kitabu chenye picha 600 hivi, na yoga ikaingia sebuleni mwa watu wa kila dini.

Basi mzazi, mwanao akikuuliza iwapo yoga ni ibada, mjibu kwamba kwa yule mtawa wa mwambani ilikuwa ibada, na kwa Sheikh Ghawth ilikuwa elimu. Kisha umwulize yeye anaifanya kwa nia gani. Paka naye alijua kusimama.