Mwongozo Andishi: Kazi Inayorukwa Kabla ya Kamera Kuwashwa

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 inamtaka mtengenezaji wa filamu apate kibali kabla ya kuanza kupiga picha, na maombi yake yaambatane na maelezo ya filamu yenyewe. Wapo watayarishaji wanaolichukulia sharti hilo kuwa karatasi ya kupitisha mezani tu. Wanaopoteza kwa mtazamo huo ni wao wenyewe.

Kwa kawaida ukurasa mmoja wa mwongozo andishi hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Mwenye kurasa 90 mkononi anaweza kuhesabu mapema waigizaji, maeneo ya kupigia picha na siku za kazi. Onesho lisilo na maana likifutwa karatasini, hasara ni wino. Likifutwa baada ya kupigwa picha, posho, chakula na mafuta ya jenereta vimekwisha kulipiwa.

Enzi za DVD zilionesha hasara nyingine. Filamu nyingi za Kitanzania ziliuzwa kwa sehemu ya kwanza na ya pili, hivyo kisa cha saa moja kilivutwa hadi kijaze mbili: gari likiingia getini taratibu, simu ndefu, matembezi ya ufukweni. Waigizaji mara nyingi walipewa muhtasari wa kisa, maneno wakayatunga papo hapo. Wengine walikuwa na kipaji kikubwa cha kufanya hivyo, na haifai kuwabeza. Hata hivyo, ufasaha wa mwigizaji hauwezi kuziba pengo la kisa ambacho hakijulikani kinaelekea wapi.

Vuta N'kuvute ni mfano wa njia tofauti. Riwaya hiyo ya Adam Shafi ilichapwa mwaka 1999, na filamu ya Amil Shivji iliyotokana nayo ilioneshwa katika Tamasha la Toronto mwaka 2021. Riwaya ina nafasi ya kueleza kinachopita moyoni mwa Yasmin, msichana anayekimbia ndoa ya kulazimishwa katika Zanzibar ya miaka ya 1950. Filamu haina nafasi hiyo; kila wazo lazima ligeuzwe kuwa tendo, mtazamo au ukimya, na mengi ya kitabuni yaachwe. Uamuzi wa namna hiyo huhitaji kuandika na kuandika tena.

Kuandika upya kunahitaji muda, na muda huo ni lazima ulipiwe. Hapo ndipo tatizo lilipo, kwani bajeti nyingi huanza na kukodi kamera. Mikopo ya Mfuko wa Utamaduni na Sanaa ingeleta tija zaidi iwapo sehemu yake ingeelekezwa kwenye hatua hii.

Mwandishi naye ana wajibu wake. Sheria ya hakimiliki hulinda maandishi, hailindi wazo lililosimuliwa kwenye kikao cha chai. Mkataba kati yake na mtayarishaji unapaswa kutaja idadi ya rasimu, malipo ya kila rasimu na mmiliki wa mwongozo endapo filamu haitatengenezwa.